Ganda, Shira na Subira

Katika kula tunda, ganda ndilo linalotangulia kutupwa, na huenda ndiyo sababu ufundi unaoligeuza ganda hilo kuwa kitu cha kwanza kuonwa na mgeni mezani haujapewa sifa unazostahili. Ufundi huo ni wa kuhifadhi maganda, minofu ya matunda na hata mizizi yenye harufu nzuri kwa kuvishibisha sukari siku baada ya siku, hadi viwe vipande laini vinavyopitisha mwanga, ambavyo hupachikwa ukingoni mwa bilauri ya juisi, hupangwa juu ya keki, au huletwa kwenye kisahani pamoja na chai ya jioni. Ni kazi ya jikoni inayohitaji vyombo vichache na siku nyingi, na anayeitazama kwa haraka huiona kuwa ni mapambo tu, ilhali anayeifuata tangu mwanzo hadi mwisho hugundua kwamba ndani yake mna elimu ya maji, ya moto na ya wakati.

Lubarika ni mahali panapofaa kuutafakari ufundi huu. Mahali hapo pamo katika Tambarare ya Ruzizi, katika eneo la utawala la Uvira, jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ambako mto Ruzizi huteremka kutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,460, na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, ambalo liko chini zaidi kwa karibu mita 700. Joto la tambarare hiyo huifaa miembe, mipapai, migomba na jamii ya milimau, na thamani ya udongo wake ilitambuliwa mapema, kwa kuwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa na serikali ya Ubelgiji mwaka 1933 kwa ajili ya Kongo, iliweka kituo chake kimoja Lubarika. Kusini mwa tambarare hiyohiyo, huko Kiliba, miwa ilipandwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari kilichojengwa katika miaka ya 1950, ambacho mitambo yake ilisimama vita vilipozuka mwaka 1996. Kwa maneno mengine, tunda na sukari, vitu viwili ambavyo ufundi huu huvikutanisha ndani ya sufuria, vimewahi kuota katika bonde moja na kunywa maji ya mito inayoshuka kutoka milima ileile.

Hata hivyo, wingi wa matunda haumaanishi kwamba yanadumu. Embe linaloiva leo linahitaji mnunuzi leo au kesho, na barabara ya taifa namba 5, inayounganisha Bukavu na Uvira kwa kupitia Kamanyola, haina huruma kwa mzigo laini msimu wa mvua unapoigeuza kuwa tope. Ndiyo maana kila jamii inayovuna matunda kwa wingi wa ghafla hutafuta njia ya kuyavusha kutoka siku za neema hadi siku za uhaba, ama kwa jua, ama kwa chumvi, ama kwa sukari. Watu wa Pwani walichagua chumvi, pilipili na siki kwa achari zao za embe na ndimu. Mahali pengine sukari ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Nchini Ufaransa mji wa Apt umejijengea jina kwa matunda ya sukari, na Nostradamus, anayejulikana zaidi kwa utabiri wake, alichapisha mwaka 1555 kitabu chenye sehemu nzima juu ya namna ya kuyatengeneza.

Asili ya mimea yenyewe ni safari ndefu. Muwa ulianza kulimwa Guinea Mpya na sukari yake ikaanza kugandishwa India. Chungwa lilitoka upande wa China. Embe na tangawizi zilitoka Asia. Nanasi na papai vilivuka bahari kutoka Amerika. Neno sukari lenyewe liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Kiswahili nacho kilifika ukingo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Tabora na Ujiji, njia ambayo miembe yake mikubwa bado inasimama kama kumbukumbu ya biashara ile, pamoja na uchungu wa watumwa waliopitishwa humo. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, wakitaka kujua kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, walikuwa wanaifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na wafanyabiashara hao. Kwa hiyo mpishi wa leo anayekata ganda la chungwa jikoni mwake anakusanya juu ya kibao kimoja historia ya mabara kadhaa, bila kulazimika kuitaja.

Kanuni inayouongoza ufundi mzima ni ya maji. Vijidudu vinavyoozesha tunda, yaani bakteria, hamira na kuvu, huhitaji maji ili viishi, na pale ambapo maji yamekwisha kushikwa na sukari haviwezi kuzaana. Shira, jina ambalo wapishi wa Pwani hulitumia kwa maji ya sukari yaliyochemka hadi kuwa mazito, kama yale yanayomiminwa juu ya kaimati, huyavuta maji ya tunda yatoke nje, huku sukari ikiingia ndani taratibu na kuchukua nafasi yake. Wanasayansi huuita mwendo huo wa maji osimosisi, lakini mpishi asiyelijua neno hilo huliona tendo lenyewe asubuhi ya pili, anapofunua sufuria na kukuta kwamba shira aliyoiacha nzito jana imekuwa nyepesi, kwa sababu tunda limetema maji usiku kucha.

Kutokana na kanuni hiyo huzaliwa sharti la subira. Maji hutoka haraka kuliko sukari inavyoingia, na kwa hiyo tunda lililotumbukizwa moja kwa moja katika shira nzito hunyonywa kabla halijashiba, likajikunja na kuwa gumu kama kipande cha ngozi kavu. Fundi huanza na shira nyepesi, kipimo kimoja cha sukari kwa viwili vya maji, akaichemsha pamoja na vipande kwa dakika chache, kisha akaviacha vilale humo hadi kesho yake. Siku ya pili huvitoa, akaongeza sukari kidogo, akaichemsha shira peke yake, akaimimina tena juu ya vipande vikiwa vimetulia, na kazi hiyo hurudiwa kwa muda wa siku nane, kumi au zaidi, kutegemea unene wa kipande, hadi sukari ifike takribani robo tatu ya uzito wa shira. Jumla ya muda wa moto katika siku zote hizo huenda isizidi saa mbili, na muda uliobaki ni wa kungoja.

Ni vyema kuutofautisha ufundi huu na ndugu yake wa Pwani, yaani ubuyu wa sukari unaouzwa Mombasa na Zanzibar. Mbuyu, mti wa Afrika yenyewe, hutoa tunda ambalo unga wake mkavu na mchachu tayari umezingira mbegu, na mtengenezaji huzipika mbegu hizo katika shira yenye rangi nyekundu, iliki na wakati mwingine pilipili, akikoroga bila kupumzika hadi sukari igande juu yake. Hapo sukari ni vazi: hukaa nje, na kazi huisha kwa saa moja. Katika ganda la chungwa sukari ni mkazi, kwa sababu huingia ndani na kukaa mahali palipokuwa na maji, na anayekitafuna kipande hukuta utamu uleule katikati na pembezoni. Ufundi wa kwanza huhitaji mkono mwepesi, na wa pili huhitaji moyo wa subira.

Ganda la chungwa linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo linalofundisha mengi. Uchaguzi huanza na aina: chenza lina ganda jembamba linalochanika, chungwa la kawaida lina ganda la wastani, ilhali danzi, lile chungwa chungu lenye harufu kali, pamoja na balungi na furungu, huwa na nyama nyeupe nene kati ya rangi ya nje na tunda, na nyama hiyo, ambayo mlaji huibandua na kuitupa, ndiyo sifongo itakayoibeba sukari. Tunda huoshwa kwa kusuguliwa, likachanjwa kwa kisu kuanzia kichwani hadi kitakoni mara nne, na ganda likatoka katika robo zilizo nzima. Robo hizo huchemshwa kwa maji baridi yanayopandishwa moto, maji hayo yakamwagwa na kubadilishwa mara mbili au tatu, kwa sababu uchungu huyeyuka ndani yake. Anayebadilisha maji mara nyingi mno huipoteza pia harufu, na asiyebadilisha kabisa hubaki na dawa badala ya kitafunio cha mgeni.

Baada ya hapo huja hatua ambayo wanagenzi wengi huiruka. Ganda huendelea kuchemshwa katika maji matupu hadi kijiti chembamba kilipenye bila kusukumwa, na nyama nyeupe igeuke kutoka weupe wa chaki na kuwa kama nta. Sababu yake ni kwamba moto huvunja ngozi za chembe hai, zile kuta nyororo ambazo tunda bichi hutumia kuizuia sukari isipenye, na pia huilegeza pektini, yaani gundi ya asili inayoshikamanisha chembe hizo. Mara sukari inapoingia, ulegezaji huo hukoma, kwa maana sukari huikaza pektini badala ya kuilainisha, na ganda lililoingia katika shira likiwa gumu hubaki gumu hata likichemshwa mwezi mzima. Hapa ndipo palipo kiini cha ufundi huu: sukari hailainishi kilicho kigumu wala haiondoi uchungu uliosazwa, bali hulihifadhi tunda katika hali ileile lililokuwa nayo lilipozamishwa. Utamu hufika mwisho, na kila kilichopaswa kurekebishwa lazima kiwe kimerekebishwa kabla yake.

Tatizo la pili ni la kuganda. Katika joto la kawaida la chumba, maji yanaweza kushika sukari hadi takribani theluthi mbili ya uzito wa shira, na kiasi kinachozidi hapo hutafuta nafasi ya kurudi kuwa punje, hata shira ikajaa chenga zinazokwaruza ulimi. Dawa yake ni ya kale na ipo katika kila boma lenye mlimau: maji kidogo ya limau, yakichemka pamoja na sukari, huigawa sehemu yake katika sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi, ambazo huizuia ile iliyobaki isijipange katika punje. Asali hufanya kazi hiyo pia, kwa kuwa nyuki wamekwisha kuigawa sukari yake wao wenyewe. Kwa hiyo limau halitiwi kwa ajili ya ladha pekee, ingawa ladha yake pia huupunguzia utamu uzito.

Vitabu vya mapishi vilivyoandikwa katika nchi za pwani ya bahari huagiza shira ipikwe hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi 107 au 108 za Selsiasi, na agizo hilo, likifuatwa kama lilivyo katika Tambarare ya Ruzizi, huiharibu kazi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari tu, na kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi moja kila mtu anapopanda mita 300. Ufukweni mwa Uvira, kwenye mwinuko wa mita 770 na ushee, maji huchemka kwenye nyuzi 97 na nusu hivi, na Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, huchemka karibu na nyuzi 95. Mpishi wa Lubarika anayeisubiri namba ya kitabu huipika shira kupita kiasi bila kujua, na vipande vyake vikipoa hugeuka peremende. Anayepunguza nyuzi tatu hivi kutoka katika namba ya kitabu hupata anachokitafuta, na asiye na kipimajoto ana kipimo kilichotumika kabla ya vipimajoto, yaani tone la shira lililopoa juu ya kijiko, likibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada kisha vikaachana polepole: likivuta uzi mfupi unaokatika, bado kidogo, uzi ukinyooka bila kukatika, shira imefika. Kipimo hicho hakiujali mwinuko, kwa sababu hupima shira yenyewe na wala si joto lake.

Baada ya ganda, papai ndilo linalostahili kutajwa, na ajabu yake ni kwamba hutakiwa likiwa bichi. Papai bichi halina harufu wala utamu wa kujivunia, lakini nyama yake imara huvumilia siku zote za shira bila kuvunjika, na vile vipande vidogo vya rangi nyekundu, kijani na manjano ambavyo waokaji wa India na wa miji mingi ya Afrika Mashariki hutia katika keki, kwa kawaida ni papai bichi lililotiwa rangi. Mashariki mwa Kongo inalifahamu papai bichi kwa sababu nyingine pia, kwani katika maeneo ya Beni, Kivu Kaskazini, mapapai hukwaruzwa yakiwa mtini ili yatoe utomvu mweupe wenye papaini, kimeng'enya kinacholainisha nyama, ambacho huuzwa nje ya nchi. Utomvu huohuo humwasha mkataji mikono, na kwa hiyo papai la kuhifadhiwa humenywa, likakatwa vipande vya ukubwa wa kete, likalowekwa na kuchemshwa kwanza kabla ya kukutana na sukari. Kwa kuwa halina ladha yake kali, hupokea ladha linalopewa: tangawizi, karafuu, au maganda ya danzi yaliyofungwa katika kitambaa na kuzamishwa pamoja nalo.

Vipande vilivyoshiba hutolewa, vikachujwa, na kutandazwa juu ya ungo au waya mahali penye kivuli na upepo, ili ngozi yake ikauke huku ndani kukibaki laini. Kiangazi cha miezi ya Juni hadi Agosti ndicho rafiki wa hatua hii, kwa maana sukari huvuta unyevu wa hewa kama ilivyovuta maji ya tunda, na vipande vinavyoanikwa mvua ikinyesha hutoka jasho badala ya kukauka. Adui mwingine ni sisimizi, ambao huzuiwa kwa kuisimamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji, hila ya zamani isiyohitaji dawa wala gharama. Vipande vikikauka huviringishwa katika sukari safi au huachwa viking'aa, na ndani ya chupa kavu yenye kifuniko hudumu kwa miezi kadhaa. Shira inayobaki, iliyokwisha kunywa harufu ya tunda kwa siku kumi, haimwagwi, kwa kuwa kijiko kimoja chake katika maji baridi hutosha kuwa sharbati.

Matumizi yake mezani yana adabu yake. Bilauri ya juisi ya tangawizi, ambayo Wakongo wengi huiita tangawisi na kuipenda ikiwa kali kiasi cha kuwasha koo, hupewa utepe mmoja wa ganda la limau lililohifadhiwa, uliochanjwa ncha na kuketishwa ukingoni, hivyo kwamba pua hukutana na harufu kabla mdomo haujakutana na ukali, na baada ya kinywaji kuisha hubaki kitu cha kutafuna kinachoupoza. Katika juisi ya marakuja, yaani pasheni, ambayo yenyewe ni chachu, kete mbili tatu za papai huwekwa chini na kusubiri kijiko. Juu ya maziwa ya mgando au keki isiyo na mapambo mengine, vipande vinne vilivyopangwa vinatosha, kwa sababu pambo linalofunika chakula huacha kuwa pambo.

Huenda msomaji akauliza kama kuna haki ya kuusifu ufundi wa mapambo katika bonde ambalo limeonja vita, uhamaji na njaa, na ambako kilo ya sukari na gunia la makala, kama yanavyoitwa huko makaa ya kupikia, vina bei inayopimwa kabla ya kutumiwa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya gharama zenyewe. Ganda halinunuliwi, kwa kuwa limekwisha kulipiwa pamoja na tunda. Moto unaotakiwa ni wa dakika kumi kwa siku, ambao hupatikana juu ya mbabula, yaani jiko dogo la makala, chakula kikishaiva na makala yakiwa bado mekundu. Sukari ndiyo gharama halisi, na hiyo hurudi katika kipande na katika sharbati bila kupotea hata tone. Zaidi ya hayo, nyumba za bonde hili, kama nyumba nyingine zote, zina arusi, ubatizo, Idi na Noeli, na hakuna mwenyeji anayetaka mgeni wake anywe kinywaji kitupu siku hiyo. Kilichomo ndani ya utepe ule mdogo ukingoni mwa bilauri ni asubuhi kumi za kufunua sufuria, na mgeni hupewa asubuhi hizo bila kuambiwa.

Ndiyo maana fundi wa kweli hatambuliki kwa wingi wa rangi zake wala kwa ung'avu wa sukari ya nje. Hutambulika jino linapokifikia kipande katikati, mahali ambapo macho hayakufika, kwa maana hapo ndipo hujulikana kama maji ya kwanza yalimwagwa kwa wakati wake na kama kijiti kilipenya bila kusukumwa siku ile ambayo chungu kilikuwa na maji matupu, na kopo la sukari lilikuwa bado halijafunguliwa.